Somo: Mashine ya Kukandia Unga wa Mkate

Ndugu wanachama, kabla ya kukopa fedha kununua mashine ya kukandia, someni hapa. Msidanganyike na wati zilizoandikwa kwenye sanduku. Wati ni umeme unaoliwa na mota, si nguvu inayofika kwenye ndoano ya kukandia. Kilo 1 ya unga na gramu 600 za maji ni kinyunga cha kilo 1.6, tena kigumu kuliko rojo la keki. Kwa hiyo muulizeni muuzaji: gia ni za chuma au plastiki? Mimi nachagua chuma, hata wati zikiwa chache. Inueni mashine pia. Nyepesi hutembea mezani. Anayetaka kuuza mikate asome dhamana kwanza, maana mashine nyingi za nyumbani hazidhaminiwi kwa biashara.