Kioo cha Darubini: Fundi Aache Kusugua Lini?

Anayejisugulia kioo cha darubini nyumbani hahitaji ukamilifu. Anahitaji kujua pa kuishia. Kipimo kilichozoeleka, alichokiacha mwanafizikia Lord Rayleigh, ni kosa lisilozidi robo ya urefu wa wimbi la mwanga. Lakini kosa la uso wa kioo huongezeka maradufu mwanga unapoakisiwa, kwa hiyo uso wenyewe usipotoke zaidi ya thumuni ya wimbi: takriban nanomita 70.

Taa ndogo na wembe hutosha kuligundua kosa hilo, kama Mfaransa Léon Foucault alivyoonyesha mwaka 1858. Kioo kiachwe kipoe kwanza. Kilichotoka kusuguliwa hudanganya.

Si kila kioo kinadai umbo la parabola. Chenye upana wa milimita 114 na urefu wa fokasi wa milimita 900 kinaweza kubaki na umbo la tufe, na fundi akalala usingizi.

Mwisho, kioo kijaribiwe kwa nyota: taswira zake kabla na baada ya fokasi zifanane.

Kutegemea kipimo kimoja ni hatari. Kioo cha darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, kilipotoka mikromita 2.2 ukingoni kwa sababu kifaa cha kupimia kilifungwa vibaya. Vipimo vingine vilivyoonyesha kasoro vikapuuzwa.