Mutuka inazimika njiani na kukataa kuwaka

Leo tunaongea juu ya mutuka inayozimika njiani na kukataa kuwaka tena. Jambo hili si la wanafunzi wa mekanike peke yao. Hapa Kapata wengi wetu tunapanda taksi kwenda Kolwezi mjini, na mara nyingine taksi ile ndiyo inayolipa minervali ya mwenzetu. Ikisimama, naye anasimama.

Ilitukia hivi. Baba wa mwanafunzi mmoja ana taksi, mutuka ndogo ya Japani yenye usukani kuume. Mwezi wa kumi, wakati jua ni kali, ilianza kuzimika. Haikukohoa, haikuruka-ruka, ilikufa mara moja kama taa. Demareri ilizungusha motere vizuri, lakini moto haukushika. Fundi akaja, akafungua bomba la esansi, akaona hakuna nguvu. Akasema: “Baba, pompi njo ilikufa. Tubadirishe tu.” Pompi ikanunuliwa, kazi ikachukua saa mbili na zaidi. Kisha kufunga, mutuka ikawaka mara ya kwanza, watu wakapiga mikono. “Ilishapona!” Siku ya tatu ikazimika tena barabarani, watu wakiwa ndani, na malori ya mgodi yanakuja nyuma. Feza iliyonunua pompi ilikuwa ya shule.

Sasa tujiulize: kama pompi haikuwa ugonjwa, kwa nini mutuka iliwaka kisha kuibadilisha? Fikirini kwanza mbele ya kuendelea kusoma.

Motere ya esansi inataka hewa na esansi kwa kiasi, inataka kuvikandamiza, na inataka cheche kwa saa yake. Lakini swali la kwanza ni la demareri: inazunguka ao haizunguki? Ikilia “tak” tu, ao ikinyamaza, tuanze na batri na kosi zake. Batri nzima iliyojaa inaonyesha volti 12.6 hivi ikiwa imepumzika. Wakati wa kudemara, ikianguka chini sana ya 10, ni dhaifu ao kosi zimeshika kutu. Lakini demareri ikizungusha kwa nguvu, tuache batri ya watu. Tunaona watu wanasukuma mutuka ambayo demareri yake iko nzima kabisa, wanatoka jasho bure.

Motere ikizunguka bila kuwaka, tutafute pande mbili: cheche na esansi. Pande mbili, hapana moja. Hapo ndipo fundi wetu alipoteleza. Kuona cheche, tunachomoa nyaya za enjektere ili esansi isimwagike, tunaweka bugi nzima katika bobini, tunaigusisha vizuri kwa chuma cha motere, mbali na esansi, na hatuishiki kwa mkono. Kusikiliza pompi, tukae karibu na tanki. Hapa kuna mtego. Mituka nyingine zinavumisha pompi sekunde mbili hivi ukiweka kontakti; nyingine, na Toyota nyingi ziko humo, zinangoja mpaka motere izunguke. Basi mtu anaweka kontakti, hasikii kitu, anahukumu pompi iliyokuwa inangoja tu amri.

Amri hiyo inatoka wapi? Karibu na vilbrekeni kuna gurudumu lenye meno, na mbele ya meno kuna kapteri. Katika mutuka ile, ndani ya kapteri mna sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Jino likipita, umeme kidogo unazaliwa, na kompyuta inajua kwamba motere inazunguka. Bila habari ile kompyuta haitoi cheche, na katika mituka nyingi haiachi pompi itembee. Kwa hiyo kitu kimoja kidogo kikifa, cheche na esansi vinapotea pamoja. Ukiona wawili wamekufa dakika ile ile, usinunue wawili. Tafuta mkubwa wao.

Waya wa kapteri ukipasuka ndani, joto linaachanisha ncha zake. Ukipoa, zinagusana tena. Sasa mmepata jibu. Saa mbili za kufunga pompi, kapo wazi, motere ilipoa. Upepo ulifanya kazi, pompi ikapata sifa.

Tuliijaribu pamoja na mwalimu wetu. Saa sita mchana tuliacha motere itembee, kapo imefungwa, mpaka ikazimika. Tukadémara: mshale wa mizunguko ulilala kwenye sifuri (si kila mutuka inauinua wakati wa kudemara, lakini hii ilikuwa inauinua ikiwa baridi). Cheche hakuna. Tukaweka kitambaa chenye maji baridi juu ya kapteri, motere ikiwa imesimama. Kisha muda kidogo ikawaka. Wengine walitaka kushangilia. Mwalimu akawazuia, akasema turudie. Tulirudia mara mbili, na mita ya umeme ikasema vilevile: moto, njia imekatika, baridi, njia iko. Nyaya na kichwa chao tulivipima pia, juu waya uliokatika unaweza kuleta alama zile zile. Hata skana ikitoa kodi P0335, inataja njia nzima ya kapteri ile, haisemi ni kapteri yenyewe.

Wazee wanaujua ugonjwa huu tangu mituka ya karbiratere, ambapo bobini ikipata joto ilikataa cheche mpaka ipoe. Hata jina delko tunalotumia linatoka kwa Dayton Engineering Laboratories Company, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1909 kule Ohio, Marekani, na Charles Kettering na Edward Deeds.

Ikizimika polepole, ikikohoa na kukosa nguvu mlimani, tuanze upande wa esansi: filtre iliyojaa uchafu, ao maji katika bidoni za kadafi wa barabarani. Si sheria, ni mwanzo tu wa kutafuta. Na shofere akumbuke: motere ikifa mutuka ikitembea, usukani unakuwa mzito, na freni inakuwa ngumu kisha kuikanyaga mara chache. Atoke barabarani kwanza, ashushe watu, aweke matawi nyuma.

Pompi ile ya zamani tuliiomba. Tuliiunga kwa batri sekunde chache, mbali na esansi, ikavuma vizuri. Iko juu ya meza ya atelye. Anayetaka kuisikia aje kisha masomo.