Maumivu ya Mgongo Yasiyokwisha: Tiba ya Mazungumzo Inasaidiaje?

Mtu ameumwa mgongo miaka minne. Ameshapiga picha, ameshachomwa sindano, ameshavaa mkanda, ameshakandwa na kupigwa chuku. Siku moja daktari anamwambia, "Ningependa uonane na mtaalamu wa saikolojia." Anaitikia kwa adabu, anatoka, na haendi. Nyumbani anasema, "Kumbe daktari ananiona najisingizia. Mimi naumwa mgongo, siumwi akili."

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na kwa wanaoishi naye. La kwanza tunalotaka alishike ni kwamba maumivu yake ni ya kweli. Tiba tunayoieleza hapa inaanza kwa kumwamini, kisha inauliza maumivu hayo yamemnyang'anya nini, na kipi kati ya hivyo kinaweza kurudi.

Yanapopita miezi mitatu

Maumivu huitwa sugu yanapodumu, au kwenda na kurudi, kwa zaidi ya miezi 3. Yapo ya kichwa, ya magoti, ya selimundu, ya saratani. Humu tumechagua ya kiuno na mgongo wa chini kwa sababu ndiyo yanayowaangusha wengi. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa nayo, karibu mtu 1 katika kila 13, na hakuna hali nyingine ya kiafya inayowafanya watu wengi kiasi hicho washindwe shughuli zao. Huku kwetu utawakuta shambani kwenye jembe la mkono, njiani na ndoo kichwani, juu ya bodaboda kwenye barabara ya mashimo, na nyuma ya cherehani.

Kabla hujaendelea kusoma, fahamu kuwa yapo maumivu ya mgongo yasiyosubiri mazungumzo. Miguu ikipoteza nguvu, ganzi ikiingia sehemu za siri au kati ya mapaja, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, nenda hospitali leo hii. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito vikifuatana na maumivu ya mgongo, huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao bado tunao na una dawa. Aliyeanguka, aliyepata ajali, au aliyewahi kuugua saratani, naye achunguzwe kwanza. Yote yanayofuata yanamhusu mtu aliyekwisha kuchunguzwa.

Mbwa wa mlangoni

Maumivu ni mlinzi, kama mbwa wa mlangoni. Mwili ukijeruhiwa, neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, nazo hupanda hadi kwenye ubongo. Ubongo ndio unaoamua mbwa abweke kwa nguvu gani. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango: habari za maumivu huweza kupita kwa wingi au kuzuiwa, na ubongo wenyewe una mkono juu ya lango hilo. Kabla ya hapo, katika Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la Marekani, Henry Beecher, aliona huko Italia kwamba askari wengi wenye majeraha makubwa hawakuhitaji dawa ya maumivu. Alieleza kuwa kwa askari hao jeraha lilimaanisha wametoka vitani wakiwa hai. Aliyecheza mpira pekupeku hahitaji kuambiwa zaidi: ukucha uliong'oka kipindi cha kwanza huanza kuuma baada ya filimbi ya mwisho.

Sasa, mbwa aliyebweka miezi na miaka huzidi kuwa mkali. Alianza kwa kumbwekea mwizi, leo anabwekea jani likianguka. Neva zilizozoea kutoa habari za hatari huitikia hata jambo dogo, na hivyo nyama na mifupa huweza kupona huku maumivu yakabaki. Kubweka unakusikia kweli. Mwizi ndiye ambaye huenda alishaondoka.

Hapa tuseme neno juu ya picha. Wengi wameambiwa "pingili zimesagika", na tangu siku hiyo wanatembea kama waliobeba mayai. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa chochote. Waliona dalili za diski kuchakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya watu wa miaka 80. Kwa wengi, basi, kuchakaa huko ni kama mvi, ila zimeota ndani. Tunaamini kila anayepewa majibu ya picha ya mgongo anastahili kuambiwa jambo hili siku ileile, maana hofu inayotokana na sentensi moja ya daktari huweza kumlaza mtu kuliko hiyo diski yenyewe.

Hofu humchochea mbwa. Vivyo hivyo usiku usio na usingizi, madeni, ugomvi wa nyumbani, na kukaa peke yako na mawazo. Maumivu huleta hayo, na hayo huongeza maumivu. Tiba ya kisaikolojia inaingia hapo.

Chumbani kunafanyika nini

Tuchukue mfano. Mama tutakayemsimulia si mtu halisi, lakini wanaofanya kazi hii watamtambua. Ni mama lishe, ana miaka 48, mgongo unamsumbua mwaka wa sita. Mnasihi ni kijana wa umri wa mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa nije, nami nimekuja. Ila sijui tutaongea nini. Mgongo hausikii maneno."

"Tusiongee na mgongo, mama. Nisimulie wiki yako, siku moja moja."

Jumatatu aliamka nafuu. Akaona afidie siku alizolala: akabandika masufuria yote, akachota maji mwenyewe, jioni akafua. Jumanne hakuinuka. Jumatano na Alhamisi alikunywa vidonge, akalala. Ijumaa nafuu ikarudi, naye akaanza tena. Kijana anaandika daftarini, kisha anamgeuzia ukurasa.

"Kwa hiyo, mama, siku nzuri ndiyo inayokulaza?"

Mama anautazama ukurasa kwa muda. Hakuwahi kuiona wiki yake ikiwa imeandikwa.

Wanakubaliana kwamba kuanzia sasa saa ndiyo itakayotoa amri, si maumivu. Atasimama jikoni dakika 15, atakaa 5, awe anaumwa au hajambo. Siku mbaya hataacha yote, na siku nzuri hatazidisha. Kila wiki wataongeza kidogo. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini ina ugumu wake: kwa mtu aliyezoea kujituma, kukaa chini wakati anajiona ana nguvu huonekana kama uvivu, na wateja wanamwangalia.

Kisha wanaigusa hofu. Mama anaamini akiinama pingili itachomoka. Kijana habishani naye. Anamuuliza ana uhakika kiasi gani, halafu wanajaribu: leo kuokota mwiko kutoka kwenye stuli, wiki ijayo kutoka sakafuni. Kila anapoinama na pingili isichomoke, ubongo wake unapata ushahidi mpya. Kuchunguza wazo linalokutisha, kisha kulipima kwa kitendo, ndio uti wa tiba inayoitwa ya fikra na tabia, ambayo ndiyo iliyotafitiwa zaidi kwa wenye maumivu sugu.

Kikao cha nne kijana anauliza swali jingine: "Kabla ya mgongo, mama, ulikuwa unapenda nini?" Anajibu kwaya. Ameacha miaka mitatu, akisubiri apone kwanza. Ipo tiba inayojengwa juu ya swali hilo, ya kuyakubali maumivu yasiyoondoka na kuelekea kwenye yale unayoyathamini huku yapo. Kukubali hapa hakuna maana ya kukata tamaa. Mama anarudi kwaya, anakaa mwisho wa benchi ili aweze kusimama anapotaka. Anaimba, na mgongo unauma. Anafundishwa pia kutulia na kufuatisha pumzi, na kuyaangalia maumivu yanavyopanda na kushuka bila kupigana nayo. Njia hii Jon Kabat-Zinn alianza kuifundisha kwa wagonjwa katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979.

Tusikudanganye

Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 75 za tiba za kisaikolojia, nyingi zikiwa za tiba ya fikra na tabia, na washiriki zaidi ya 9,000, ulikuta kwamba tiba ya fikra na tabia hupunguza maumivu, huzuni na kushindwa shughuli, lakini kwa wastani nafuu yenyewe ni ndogo. Wapo wanaopata kubwa, wapo wasiopata kabisa. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2022 nchini Marekani ulikwenda mbali zaidi: uliwafundisha wagonjwa kuyaona maumivu yao ya mgongo kama king'ora kisicho na moto, na theluthi mbili yao wakabaki bila maumivu au karibu bila. Walikuwa kundi dogo, wa nchi moja, nasi tunaliweka hilo wazi.

Mbona basi tunakusihi ujaribu? Kwa sababu lazima uipime na yale yaliyo mezani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, limeshauri elimu, mazoezi na tiba ya kisaikolojia kwa maumivu sugu ya kiuno, na limeshauri kutotumia mikanda ya mgongo, kuvutwa uti kwa mashine, wala dawa za jamii ya mofini. Diklofenaki inayonunuliwa duka la dawa na kumezwa kila siku huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Hata hivyo usiache ghafla dawa uliyoandikiwa; ongea na daktari wako. Ukiwa na sheikh au mchungaji anayekuombea, endelea naye. Tiba hii haigombani na dua.

Kwa walio nyumbani

Kumnyang'anya mgonjwa kila kazi ni upendo unaomdhoofisha. Kumwambia "umezidi kulalamika" kunamfunga mdomo. Muulize, "Leo ungependa tukusaidie wapi, na wapi tukuache ufanye mwenyewe?" Akianza kusema kwamba heri afe, msilichukulie kama maneno ya uchovu. Msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kumpata mtaalamu

Wengi wakisikia saikolojia huwaza hospitali za wagonjwa wa akili za Mirembe, Dodoma, au Mathari, Nairobi, na woga huanzia hapo. Tiba tuliyoieleza haihitaji kulazwa. Uliza hospitali ya rufaa kama wana mwanasaikolojia. Wakikosa, uliza mnasihi, mtaalamu wa fiziotherapia, au kitengo cha tiba shufaa, ambacho kimezoea maumivu kuliko wote. Wataalamu ni wachache mno, na hilo linatuuma. Lakini Zimbabwe imeonyesha njia: tangu 2006 kina bibi waliofunzwa huko Harare huketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa waliozungumza nao walipungukiwa na sonona na wasiwasi kuliko wengine. Bibi hao hawakuwa wakitibu migongo, lakini stadi wanazotumia zinafanana na hizi, na zinafundishika.

Ukifika kwa daktari, sema hivi: "Nimechunguzwa, na maumivu bado yapo. Nataka mtu wa kunisaidia kuishi nayo wakati matibabu yakiendelea." Nenda na daftari ulimoandika siku saba: uliamka saa ngapi, ulifanya nini, maumivu yalipanda lini, ulilala vipi. Na kama kukaa kwenye kiti kunakuumiza, mwambie mnasihi mapema. Unaweza kusimama, kutembea chumbani, au kujinyoosha kwenye mkeka, na mazungumzo yakaendelea.