Homa ya Ini ya B: Ni Nani Anayeliumiza Ini?

Mkazi akienda kuchangia damu, au mama mjamzito akianza kliniki, huenda akaambiwa kwamba ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Swali la kwanza huwa: mbona sijisikii mgonjwa?

Ukweli ni kwamba virusi hivi vyenyewe haviui seli za ini kwa kiasi kikubwa. Huingia ndani ya seli na kuzaana humo huku seli ikiendelea na kazi yake. Wanaoiharibu hasa ni askari wetu wenyewe, kinga ya mwili, wanapojaribu kumwondoa mgeni.

Askari hao huitwa kwa ishara. Seli ikigundua virusi hutoa protini ndogo ziitwazo saitokini, ambazo kazi yake ni kama ya mpiga mbiu. Interferoni huziambia seli jirani zijikinge. Nyingine, iitwayo IP-10, huwavuta askari hadi penye virusi. Inapopanda katika damu, mara nyingi ini huwa linaumia. Vita visipokwisha, seli hufa na kuzaliwa upya miaka nenda miaka rudi, na ishara nyingine huamuru makovu yajengwe. Ini lenye makovu mengi huwa gumu, na hapo ndipo tumbo hujaa maji au saratani huanza.

Ishara hizo hupimwa zaidi na watafiti. Hospitalini daktari huanza na kipimo cha ALT. Hiki ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini. Seli ikiumia, humwagika kwenye damu. Lakini hapa wengi hujidanganya. ALT nzuri ya siku moja haimaanishi kwamba ini ni zima. Kijana aliyeambukizwa akiwa mtoto anaweza kuwa na virusi tele na ALT ya chini, kwa kuwa kinga yake bado haijawashambulia. Mwenye makovu mengi naye anaweza kupata matokeo ya kawaida. Ndiyo maana daktari hukuambia urudi, na hutazama pia wingi wa virusi na chembe sahani za damu.

Si kila mwenye virusi huhitaji dawa. Anayepewa, mara nyingi ni tenofovir, asiiache kwa sababu tu amepata nguvu. Dawa hiyo huzuia virusi kuzaana. Ikikatizwa ghafla, virusi hurudi, kinga huvamia kwa pamoja, na ini linaweza kushindwa kabisa kufanya kazi. Pombe huongeza madhara, na vivyo hivyo mahindi yaliyoota ukungu: sumukuvu pamoja na virusi hivi huzidisha sana hatari ya saratani ya ini.

Umri wa kuambukizwa una uzito wake. Kati ya watoto 100 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 90 hubaki na virusi maisha yao yote. Kwa watu wazima ni chini ya 5. Mama mwenye virusi amweleze mkunga mapema, kabla ya uchungu kuanza, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto achanjwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Chanjo za kliniki za wiki ya 6, 10 na 14 zisirukwe. Mume au mke wa mwenye virusi naye apimwe, na akikutwa hana, aulizie chanjo.