Faini ya kukosa bima: Marekani ilimtoza nani?

Je, ni haki serikali kumtoza faini mtu asiye na bima ya afya? Wamarekani wamevutana juu ya swali hili kwa miaka mingi, na yaliyowakuta yanafaa kutazamwa kwa utulivu.

Sheria aliyoitia saini Rais Obama Machi 2010 ilizikataza kampuni za bima kumkataa mgonjwa au kumpandishia bei kwa sababu ya maradhi yake. Ni jambo jema. Lakini kama mgonjwa hakataliwi, mzima ana haraka gani ya kulipa? Atangoja augue kwanza. Kampuni ikibaki na wagonjwa watupu, bei inapaa. Ndipo likawekwa sharti kwamba asiye na bima alipe wakati wa hesabu zake za kodi. Mwaka 2014 ilikuwa dola 95 kwa mtu mzima au asilimia 1 ya kipato kinachotozwa, kipi kikubwa. Kufikia 2016 ikawa dola 695 au asilimia 2.5.

Sheria yenyewe iliiita adhabu. Mahakama ya Juu, Juni 2012, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikasema inaweza kuhesabiwa kuwa kodi, na kwa njia hiyo ikapona.

Sasa nani alilipa? Fukara asiyefikia kiwango cha kutoa hesabu za kodi alisamehewa. Walisamehewa pia watu wa madhehebu yanayokataa bima za aina zote, kama Amish. (Ule uvumi kwamba Waislamu nao walisamehewa ulikuwa uzushi mtupu.) Aliyebanwa ni mtu wa kati, ambaye bima ya mwaka ingemla maelfu ya dola. Yeye alipiga hesabu, akaona faini ni nafuu. Tena mamlaka ya kodi ilikatazwa kumshitaki au kukamata mali yake. Njia kubwa iliyobaki ni kumkata katika fedha za kodi anazorudishiwa.

Desemba 2017 Bunge lao liliishusha faini hiyo hadi sifuri, kuanzia 2019. Wengi walitabiri kuwa soko la bima litaporomoka. Halikuporomoka! Ruzuku ilipoongezwa mwaka 2021, watu wakamiminika, na kwa mwaka 2024 waliojiandikisha walipita milioni 21. Kwa maoni yangu, kilichowavuta ni bei waliyoiweza. Fimbo haikuwepo tena.

Hata hivyo, baadhi ya majimbo yameweka faini zao wenyewe. Massachusetts ilitangulia kwa sheria ya 2006, na California ikaanza 2020. Kwa mwaka wa kodi wa 2023, California ilitoza si chini ya dola 900 kwa mtu mzima asiye na bima mwaka mzima, na nusu yake kwa mtoto. Mwenye jamaa huko amkumbushe kwamba pengo la miezi mitatu au pungufu lina msamaha, ila lazima auombe mwenyewe katika fomu yake ya kodi ya jimbo.