Gari la Kuhamia Wakati wa Kiangazi: Maandishi Kwanza, Malipo Baadaye

Somo hili tumeliandaa kwa ajili ya mikutano ya vijiji vya tarafa ya Nzahaha, wilaya ya Rusizi. Linawahusu wale wanaohama nyumba na kukodi magari ya mizigo, na linawahusu pia madereva na wenye magari. Lengo lake ni moja: kila anayelisoma aelewe kwa nini fedha iliyotolewa bila maandishi ni vigumu kuirudisha, na ajue la kufanya kabla ya kuitoa. Wahenga walilisema jambo hili kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari.

1. Kwa nini magari huadimika

Kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti mvua hukatika, na shughuli nyingi zilizokuwa zikingoja huanza kwa pamoja. Mpunga wa bonde la Bugarama huvunwa na kutafutiwa usafiri. Wajenzi hutumia siku za ukavu, hivyo saruji inayotengenezwa huko Bugarama huhitaji malori mengi zaidi. Harusi huwa nyingi. Na mwaka wa masomo nchini Rwanda huanza Septemba. Kwa hiyo walimu wanaobadilisha shule, pamoja na familia zinazofuata shule za watoto, huhama katika majuma yaleyale.

Magari hayaongezeki kwa sababu haja imeongezeka. Lori lililokuwa likikaa kituoni siku nzima likingoja mteja, sasa lina wateja watatu kabla ya saa sita mchana. Mwenye vyombo vya nyumbani hushindana na mfanyabiashara wa mpunga au wa saruji, ambaye ana mzigo mkubwa na safari nyingi za kumpa dereva. Katika hali hiyo bei hupanda, na kupanda huko peke yake si kosa. Kosa huingia pale mtu anapoitumia haraka ya mwenzake kumdanganya.

2. Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano. Tumeutunga kwa ajili ya somo, wala haumhusu mtu fulani, lakini ni jambo linaloweza kumpata yeyote kati yetu.

Mwalimu mmoja, mama wa watoto watatu, anahama Nzahaha kwenda wilaya jirani ya Nyamasheke. Anaishi na mama mkwe wake, ambaye ni mzee na hawezi kutembea mwendo mrefu. Mwenye nyumba amekwisha kupata mpangaji mwingine, naye ataingia Jumapili. Mwalimu anampata dalali barabarani, na dalali anampigia dereva simu.

“Mama, gari lipo,” anasema dereva. “Ni faranga 120,000. Nitumie nusu sasa hivi kwa simu, maana kuna watu wengine wawili wananingoja.”

“Mwanangu, utafika lini?”

“Jumamosi saa mbili asubuhi, mama. Usiwe na wasiwasi.”

Mwalimu anatuma faranga 60,000. Hakuuliza jina la dereva wala namba ya gari. Jina lililojitokeza kwenye simu wakati wa kutuma lilikuwa la mtu mwingine, lakini aliona aibu kuuliza. Jumamosi alfajiri vyombo vyote vimetolewa nje: vitanda, magunia ya maharagwe, sufuria, magodoro. Saa mbili inapita. Saa nne simu ya dereva haipatikani. Saa nane mchana dalali anasema kwamba gari limepata kazi ya saruji, na kwamba dereva atakuja Jumatatu kwa faranga 180,000. Jioni inaingia, mpangaji mpya anakuja kesho, na mama mkwe ameketi barazani juu ya gunia.

Mwalimu anakwenda kituo cha polisi. Anaulizwa: Dereva anaitwa nani? Gari lina namba gani? Mliandikiana nini? Kwa kila swali jibu lake ni kimya.

3. Tujifunze nini katika mfano huu

Kwanza, tuitazame siku yenyewe. Ikiwa ile ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, basi ilikuwa siku ya Umuganda. Asubuhi ile wananchi huwa katika kazi za pamoja, na safari za kawaida husimama hadi kazi iishe. Dereva anayeahidi kupakia vyombo saa mbili asubuhi ya siku hiyo, ama hajaitazama kalenda, ama hana nia ya kuja. Ahadi isiyowezekana ni dalili ya kwanza ya hatari, nayo huonekana kabla fedha haijatoka mkononi.

Pili, tulitazame jina. Jina linalojitokeza kwenye simu wakati wa kutuma fedha ndilo litakalobaki kuwa ushahidi. Likitofautiana na jina la mtu mnayezungumza naye, simamisha malipo na uulize. Huenda akawa mke wa dereva, au mwenye gari. Basi na aseme hivyo, na liandikwe. Kuuliza si utovu wa adabu. Aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko hasara ya mwezi mzima.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, tutofautishe mambo mawili ambayo wananchi wengi huyachanganya: kuvunja makubaliano, na kutapeli.

Dereva aliyekuwa na gari kweli, akakubali kazi kwa nia njema, kisha gari likaharibika au akaipendelea kazi nyingine, amevunja makubaliano. Mikataba nchini mwetu inaongozwa na Sheria Na. 45/2011 ya tarehe 25/11/2011. Anaweza kudaiwa arudishe fedha na afidie hasara, lakini hilo ni dai la madai, si jinai. Polisi hawamweki mtu mahabusu kwa sababu ya deni.

Mtu ambaye tangu mwanzo hakuwa na gari, au alijifanya dereva asiye yeye, au alipokea arubuni ya watu watano kwa gari moja akijua kwamba atampelekea mmoja tu, huyo ametumia hila kujipatia mali ya wengine. Hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 174 cha Sheria Na. 68/2018 ya tarehe 30/08/2018 inayohusu makosa na adhabu kwa ujumla. Sheria hiyo ilipotungwa iliweka adhabu ya kifungo cha miaka 2 hadi 3, na faini ya faranga milioni 3 hadi milioni 5.

Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni nia, na nia haionekani kwa macho. Huthibitishwa kwa jina, namba, tarehe, ujumbe wa simu na mashahidi. Asiye na hivyo anaweza kuwa amedhulumiwa kweli, na bado mpelelezi asiwe na pa kuanzia. Ndiyo maana tunasisitiza maandishi. Tunajua kwamba watu wetu wanaaminiana, lakini karatasi humlinda hata yule anayeaminika.

4. Karatasi moja inatosha

Makubaliano ya kukodi gari hayahitaji wakili. Karatasi ya daftari la mwanafunzi inatosha, iwapo imeandikwa kwa nakala mbili na kutiwa saini na pande zote mbili mbele ya shahidi. Na iwe na mambo haya:

Jina kamili la dereva, namba ya kitambulisho chake na namba yake ya simu. Na kama gari si lake, jina la mwenye gari.

Namba ya usajili wa gari. Ni vyema kuliona gari lenyewe kabla ya kuandika.

Siku, saa na mahali pa kupakia, na mahali pa kushusha. Nyumba nyingi za Nzahaha ziko vilimani, mbali na barabara kuu. Iandikwe kama gari litafika mlangoni au litaishia barabarani.

Bei yote, arubuni iliyotolewa, na kiasi kilichobaki. Iandikwe pia nani anawalipa wapakiaji, kwa kuwa ugomvi mwingi huzuka hapo.

La kufanya gari lisipofika, na la kufanya mteja akiahirisha. Kifungu hiki cha pili kinamhusu dereva. Naye hupata hasara anaponunua mafuta, akaikataa kazi nyingine, kisha akakuta mteja amepata gari la bei nafuu.

Orodha ya vyombo vinavyopakiwa. Orodha hii tutaieleza katika sehemu inayofuata.

Arubuni na iwe ndogo kadiri inavyowezekana, na salio lilipwe vyombo vikishashushwa. Anayefanya kazi hii kama biashara anapaswa pia kutoa risiti ya EBM, ambayo ni ushahidi ulio bora kuliko maneno.

5. Usalama wa gari na wa shehena

Uhaba wa magari huwafanya watu wakubali gari lolote. Hapo ndipo hasara ya fedha inapoweza kugeuka kuwa msiba. Kabla ya kupakia, tazama kama gari lina bima na cheti cha ukaguzi ambacho muda wake haujapita. Mwulize dereva leseni yake: gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 huhitaji leseni ya daraja la C, wala daraja la B halitoshi. Malori ya mizigo yanatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 60 kwa saa, kwa amri iliyotolewa 2015. Usimhimize dereva akimbie ili awahi mteja mwingine. Barabara zetu zina miteremko na kona.

Watu wasipande juu ya vyombo. Tunajua kishawishi kilivyo: nauli ya basi inaokolewa, na watoto hufurahia. Lakini kabati likiteleza kwenye kona, aliye juu yake hana pa kushika. Wazee na watoto wasafiri kwa basi, na mtu mzima mmoja akae karibu na dereva kuangalia mali.

Tunaishi karibu na mto Rusizi, ambao ni mpaka kati yetu na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kuna wanaovusha magendo, na hakuna maficho mazuri kwao kama magodoro na makabati ya familia inayohama. Kwa hiyo simama penye gari mpaka shehena ifunikwe turubai na kufungwa kamba, na usikubali “kamzigo kadogo ka rafiki” ambacho hukijui kilichomo. Orodha yako ya vyombo itakutetea pale askari atakaposimamisha gari. Ukihama na ng’ombe au mbuzi, pata kwanza kibali cha daktari wa mifugo wa tarafa.

6. Njia za kupunguza haraka

Jambo linalompa tapeli nafasi ni haraka yetu. Anayetafuta gari siku mbili kabla ya kuhama hana nguvu ya kukataa. Anayeanza juma la tatu kabla anaweza kulinganisha bei na kuuliza majirani. Inafaa pia kuchagua siku za katikati ya juma, na kukubaliana na mwenye nyumba mapema juu ya siku moja au mbili za ziada iwapo gari litachelewa.

Tazameni pia njia ya gari. Lori linaloshuka kwenda Bugarama kupakia mpunga au saruji mara nyingi hushuka tupu. Anayehamia upande huo anaweza kulipata kwa bei ya wastani. Anayepanda kuelekea Kamembe na Nyamasheke ndiye anayeshindana na shehena za bondeni, basi huyo na aanze mapema zaidi. Familia mbili zinazokwenda upande mmoja zinaweza kuchangia gari, kila moja ikiwa na orodha yake.

Kabla ya kuondoka, mjulishe kiongozi wa kijiji, na ukifika uandikishwe katika kijiji kipya. Majirani wakijua kwamba unahama, watatambua pia gari la mwizi linalokuja kupakia vyombo vyako ukiwa haupo.

7. Jambo likiharibika

Usimfuate dereva kwa ugomvi, wala usilizuie gari lake kwa nguvu. Hifadhi ujumbe wote wa simu. Kama ni kuvunja makubaliano, anza kwa kiongozi wa kijiji, kisha Kamati ya Abunzi ya kata. Kama kuna dalili za utapeli, piga simu RIB kwa namba 166, au fika kituo kilicho karibu, na ufanye hivyo siku ileile. Ajali barabarani: 113. Dharura: 112. Askari akikudai hongo ili gari lipite: 3511. Namba hizi hazitozwi malipo.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano

Katika mfano wa mwalimu, ni wapi alipokuwa bado na nafasi ya kujiokoa? Dalali anawajibika kwa kiasi gani, na jina lake liandikwe wapi? Je, kijiji chetu kinaweza kuwa na daftari la madereva wanaojulikana, lenye majina na namba za magari yao, ambalo kila anayehama atalitazama kwanza?

Swali la mwisho tunawaachia wananchi na madereva wa Nzahaha walijibu pamoja, kabla ya Julai.