Masanduku Mawili, Msomaji Mmoja

Pengine unayo anwani ya zamani ya barua pepe, na nyingine mpya. Ukifungua moja tu, jibu la mnunuzi wa alizeti laweza kulala kwenye ile nyingine mpaka msimu uishe.

Dawa ipo, tena bure. Kwa Gmail, fungua sanduku la zamani kwenye kompyuta, ingia mipangilio, taja anwani mpya barua zipelekwe huko. Namba ya kuthibitisha itafika sanduku jipya, irudishe kule. Neno la siri usimpe mtu wa kibandani, hata akijidai fundi.

Ila sanduku la zamani uwe unalifungua. Tangu Desemba 2023, Google huweza kufuta akaunti isiyotumika miaka 2, pamoja na barua zake zote.